Nyambizi huzamaje, na kwa nini nyingi zisingefika chini ya Ziwa Nyasa

Ukisimama Matema ukatazama mashariki, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja mpaka majini, na mteremko hauishii pale milima inapokutana na maji. Ziwa Nyasa, mahali pake penye kina kikubwa kuliko kote, lina takribani mita 700. Uso wake uko chini kidogo ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu yake iko zaidi ya mita 200 chini ya usawa huo. Nyambizi ya kivita ya kawaida, iwe ya Marekani, ya Uingereza au ya Afrika Kusini, isingeweza kuigusa sakafu hiyo. Ingepondeka ikiwa bado njiani.

Wengi ninaowaambia jambo hili hapa Mbeya hukataa kwanza. Kichwani mwao nyambizi ni chombo kinachotembea sakafuni mwa bahari kuu kikitaka, kikapumzika huko, kikarudi. Lakini nyingi za kivita huishia kina cha mita 300 hadi 500, wakati bahari za dunia kwa wastani zina kina cha karibu mita 3,700. Chombo hiki tunachokihesabu kuwa cha vilindini huishi sehemu ya juu kabisa ya bahari, na kila mita kinayoshuka kimeihesabia gharama ya kupanda tena. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ufunguo wa somo lote. Kushuka hakuhitaji nguvu nyingi. Ufundi wote umewekwa kwenye kurudi.

Uzito unaolingana na maji

Tuanze na meli ya kawaida. MV Mbeya II, inayotoka Kyela kwenda Mbamba Bay, ina uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Ukiipakia tani moja ya mchele wa Kyela, inashuka majini kidogo, mpaka iwe imesukuma pembeni tani moja zaidi ya maji, hapo inatulia. Archimedes wa Syracuse aliieleza kanuni hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa mahali pake. Meli haizami kwa sababu sehemu yake kubwa bado iko juu ya maji, na sehemu hiyo ndiyo akiba yake. Mzigo ukizidi, akiba inaliwa. Ikiisha, meli inakwenda chini na hakuna cha kuirudisha.

Nyambizi imeundwa kuitoa akiba hiyo kwa makusudi na kuirudisha inapotaka. Ndani kuna mwili mmoja mgumu wa chuma kinene, wa mviringo kama bomba, ambamo watu wanaishi na mitambo inafanya kazi. Nje ya mwili huo, ama kuuzunguka au mbele na nyuma yake, kuna matangi makubwa. Matangi haya upande wa chini yana matundu yanayowasiliana na bahari, na upande wa juu yana vali. Chombo kikiwa juu ya maji vali zimefungwa, na hewa iliyonaswa ndani ya tangi ndiyo inayozuia maji yasipande kupitia yale matundu ya chini. Nahodha akitoa amri ya kuzama, vali za juu zinafunguliwa. Hewa inatoka kwa kishindo, povu na mvuke wa maji vinaruka juu, na bahari inaingia yenyewe kutoka chini. Hakuna pampu inayovuta kitu.

Tuchukue nyambizi tatu za Jeshi la Majini la Afrika Kusini, zilizojengwa Ujerumani. Kila moja ina uzito wa takribani tani 1,450 ikiwa juu na takribani tani 1,600 ikiwa imezama. Tofauti hiyo, tani 150 hivi, ni maji yaliyoingia kwenye matangi.

Maelezo mengi ya shuleni huishia hapa: tangi limejaa, chombo kimekuwa kizito, kimezama. Yanaacha jambo zuri kuliko yote. Maji yale hayaifanyi nyambizi iwe nzito kuliko bahari. Yanaifanya ilingane nayo. Nyambizi iliyosawazishwa vizuri haipandi wala haishuki, inaning'inia tu ndani ya maji. Ikitaka kwenda chini, inainamisha mapezi yake ya pembeni na kusukumwa na propela, ikateremka kwa pembe kama ndege inayokaribia kutua Songwe. Ikitaka kupanda kidogo, inainua mapezi. Ndiyo maana mwendo ni muhimu sana kwake: ikisimama kabisa, mapezi hayana maji ya kushika.

Kulinganisha huku ni kazi isiyokwisha. Mbali na yale matangi makubwa kuna madogo, katikati, mbele na nyuma, ambayo maji yake huongezwa, hupunguzwa au huhamishwa kwa pampu. Mafuta yakitumika, uzito umebadilika. Kombora la torpedo likirushwa, tani moja au zaidi imetoka puani na lazima maji yachukue nafasi yake. Hata mabaharia wengi wakitoka chumba cha mbele kwenda kula chumba cha nyuma, chombo kidogo kinaweza kuinua pua. Kabla ya safari, ofisa anayehusika hupiga hesabu ya kila kitu kilichopakiwa, viazi na vipuri, pamoja na mahali kilipowekwa.

Hata aina ya maji inaingia kwenye hesabu. Maji ya bahari yana chumvi, na kila lita moja ina uzito wa takribani gramu 1,025. Maji ya Ziwa Nyasa, yasiyo na chumvi, ni kama gramu 1,000. Nyambizi ya tani 1,600 iliyosawazishwa kwa ajili ya bahari ya Simon's Town, kambi yake, ikiletwa Nyasa bila kubadilishwa chochote ingekuta maji yanaisukuma juu pungufu kwa karibu tani 40. Vali zikifunguliwa ingeshuka na isingesimama, mpaka mtu ayapunguze maji ya matangi madogo kwa kiasi hicho. Jambo hili hutokea kweli kwa nyambizi zinazopita karibu na midomo ya mito mikubwa au chini ya barafu inayoyeyuka, ambako chombo kinaweza kutoka kwenye maji ya chumvi nyingi na kuingia ya chumvi kidogo kwa ghafla.

Kutoka Mbeya hadi Kyela, kisha chini ya maji

Chukua chupa ya maji ya plastiki, imalize ukiwa Mbeya mjini, ifunge kizibo sawasawa, kisha panda Coaster ya Kyela. Gari linapita Uyole, linapanda milima ya Poroto, linateremka Tukuyu katikati ya migomba na chai, halafu linaendelea kushuka mpaka kwenye joto la Kyela. Ukifika, itoe chupa kwenye mkoba. Imebonyea ubavuni. Hakuna aliyeikalia, imebonyezwa na hewa. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Kyela kama mita 500, kwa hiyo ukiwa Kyela kuna mita 1,200 za hewa ambazo hazikuwepo juu yako asubuhi, na hewa ina uzito. Wenye maduka wanaopandisha pakiti za krisps kutoka Dar es Salaam wanajua upande wa pili wa jambo hili: zikifika huku zimevimba kama zitapasuka.

Sasa pima. Mgandamizo wote ulioongezeka kwenye safari ile ndefu ya kushuka ni sawa na ambao chupa ingeupata ikizamishwa mita moja na kidogo kwenye maji. Maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanaongeza karibu kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba, au tani 10 juu ya kila mita ya mraba, na hesabu hiyo haipungui wala haisamehe. Mita 300 ni tani 300 kwa kila mita ya mraba. Mfuniko wa kuingilia ndani ya nyambizi, wenye upana wa sentimita 75 tu, kwa kina hicho unakandamizwa na zaidi ya tani 130, sawa na malori mawili na zaidi ya yale ya kwenda Tunduma, kila moja likiwa na tani 56 ambazo ni kikomo cha barabarani. Kwenye sakafu ya Ziwa Nyasa, mfuniko huohuo ungebeba zaidi ya tani 300.

Umbo la mviringo ndilo linalouwezesha mwili wa ndani kubeba haya. Ukuta bapa ukikandamizwa hujikunja katikati. Ukuta wa duara huigawa nguvu hiyo kuzunguka mwili mzima, kila kipande kikimsukuma jirani yake, na chuma kinavumilia kusukumwa vizuri sana. Ndani huongezewa mbavu za chuma zilizopangwa kwa karibu. Lakini uwezo huo wote unategemea duara liwe duara kweli. Kosa dogo la umbo, bonyeo ambalo jicho halilioni, linapunguza uwezo wa mwili kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mgandamizo ukipata mahali palipolegea hupabonyeza zaidi, na palipobonyea huzidi kuwa dhaifu. Kwa hiyo kwenye karakana za nyambizi kila mshono wa kuchomelea hupigwa picha na kupimwa upya, na kazi ya mwili mmoja huchukua miaka.

Chuma hicho kinasinyaa kweli. Mabaharia wana mchezo wa zamani wa kuwaonyesha wageni: chombo kikiwa karibu na uso wa maji hufunga uzi kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, wakaukaza mpaka unyooke. Nyambizi ikishuka, uzi unalegea na kuning'inia katikati. Kuta zimesogeleana.

Kusinyaa huko kunaleta hatari ambayo haionekani kwa urahisi, na nyumbani unaweza kuiona kwa macho yako. Jaza maji chupa ya plastiki ya lita moja na nusu mpaka juu. Chukua kifuniko cha kalamu kisicho na tundu, bandika udongo wa mfinyanzi kwenye ncha ya upande wa wazi, kidogo kidogo, mpaka kikiwekwa majini kielee wima, kichwa tu kikichungulia, na hewa kidogo imebaki ndani yake. Kitie ndani ya chupa, funga kizibo, kisha minya chupa kwa mikono miwili. Kifuniko kinazama. Achia, kinapanda. Ukitazama kwa makini utaona kiputo cha hewa ndani ya kifuniko kikipungua unapominya: hewa imebanwa, maji yamechukua nafasi yake, na kifuniko kimekuwa kizito kuliko maji kinayoyaondoa. Ukiendelea kujaribu utagundua kwamba kikishafika chini inabidi uachie mkono zaidi ya pale kilipoanza kuzama ndipo kikubali kupanda. Chini kina mgandamizo wa ziada wa maji yaliyo juu yake, kwa hiyo kiputo kimebaki kidogo.

Nyambizi ina tabia hiyohiyo, kwa kiasi kidogo zaidi kwa kuwa chuma si hewa. Ikishuka inasinyaa, ikisinyaa inaondoa maji machache zaidi, msukumo wa kwenda juu unapungua, na chombo kilichokuwa kimelingana na maji kinaanza kuwa kizito bila mtu kuongeza kitu. Kwa sababu hiyo wanaposhuka husukuma maji nje kutoka matangi madogo, tani kwa tani. Wakichelewa, uzito unaleta kina na kina kinaleta uzito.

Hewa inayoishiwa nguvu

Njia ya kawaida ya kurudi juu ni kuinua mapezi na kuongeza mwendo, kisha kuyamaliza matangi makubwa kwa hewa ukishakaribia uso. Njia ya dharura ni kupuliza hewa humohumo chini. Nyambizi hubeba mitungi ya hewa iliyoshindiliwa kwa mgandamizo wa mara mia mbili na zaidi ya hewa ya kawaida. Vali za juu za matangi zikiwa zimefungwa, hewa hiyo inafunguliwa kuingia kwenye matangi na kuyasukuma maji nje kupitia matundu ya chini.

Hebu tuipigie hesabu. Mtungi wa mita moja ya ujazo ulioshindiliwa mara 200, ukifunguliwa juu ya maji, unatoa karibu mita 199 za ujazo za hewa. Ufungue kwenye kina cha mita 300, ambako maji yanakandamiza kama mara 31 ya hewa ya kawaida: unapata mita tano na kidogo. Kwenye kina cha mita 700 hupati hata mita mbili. Hewa ni ileile, mtungi ni uleule, lakini uwezo wake wa kukuinua umeliwa na kina. Kadiri unavyoihitaji hewa zaidi ndivyo inavyokusaidia kidogo.

Tarehe 10 Aprili 1963 nyambizi ya nyuklia ya Marekani, USS Thresher, ilizama na watu 129 ikiwa kwenye majaribio ya kina mashariki ya pwani ya Massachusetts. Uchunguzi ulielekea kwenye hitimisho kwamba bomba la maji ya bahari lilivuja kwenye chumba cha mashine, mfumo wa umeme ukaathirika, na kinu cha nyuklia kikajizima. Bila kinu hakukuwa na mwendo, na bila mwendo mapezi hayakufaa kitu. Walipojaribu kupuliza matangi, hewa haikutosha. Baadaye jaribio kama hilo lilifanywa gatini kwenye nyambizi dada yake, na chanzo kikaonekana: hewa iliyoshindiliwa ikitoka kwa kasi hupoa sana, unyevu uliomo ukaganda kuwa barafu kwenye vichujio, na njia ikaziba. Thresher ilishuka mpaka mwili wake ukapondeka. Marekani ilianzisha utaratibu mkali wa kukagua kila bomba, vali na mshono unaogusa maji ya bahari. Mimi huwa narudi kwenye kisa hiki kila ninapofikiria usalama wa mashine yoyote, kwa sababu hakuna kosa moja lililowaua watu wale. Kila njia ya kurudi juu ilifungwa kwa zamu yake.

Kina kina viwango vyake

Kila nyambizi hupangiwa kina cha kufanyia kazi, kina cha majaribio ambacho haitakiwi kukipita, na chini zaidi kile ambacho wahandisi wanakadiria mwili utapondeka. Kati ya viwili vya mwisho huachwa nafasi, mara nyingi nusu ya kina cha majaribio au zaidi. Tarakimu kamili ni siri za majeshi. Jeshi la Majini la Marekani kwa miaka mingi limesema tu kwamba nyambizi zake hufika zaidi ya futi 800, yaani karibu mita 240.

Nafasi hiyo si kubwa kama inavyoonekana. Nyambizi ya Argentina, ARA San Juan, ilipotea Novemba 2017 na watu 44, ikaja kuonekana mwaka mmoja baadaye kwenye kina cha takribani mita 900. KRI Nanggala ya Indonesia, iliyopotea kaskazini ya Bali Aprili 2021 na watu 53, ilikutwa kwenye mita 838, imekatika vipande vitatu. Vina hivyo havikizidi sana cha Ziwa Nyasa. Havikaribii hata kile cha Ziwa Tanganyika, ambalo mahali pake penye kina zaidi linafika mita 1,470.

Iliyovunja mpaka huo kwa mbali ilikuwa ya Umoja wa Kisovieti, K-278 Komsomolets. Mwili wake wa ndani ulitengenezwa kwa titani, madini yenye nguvu ya kulingana na chuma bora lakini uzito wake ni chini ya theluthi mbili ya uzito wa chuma. Tarehe 4 Agosti 1984 ilishuka mita 1,020. Hiyo ndiyo ingeweza kufika chini ya Ziwa Nyasa na kurudi. Ilizama katika Bahari ya Norway tarehe 7 Aprili 1989 baada ya moto kuzuka ndani. Kina hakikuwa chanzo. Kati ya watu 69, walikufa 42, wengi wao kwa baridi ya maji walipokuwa wameshatoka. Titani ni ghali na kuichomelea ni kazi ngumu, na nchi nyingi zimeona kwamba nyambizi ya kivita haina sababu ya kwenda huko. Kwao inatosha isionekane na isisikike.

Wanaokwenda chini kabisa hutumia vyombo vya aina nyingine: vidogo, vya watu wawili watatu, ambavyo watu hukaa ndani ya tufe. Tufe ndilo umbo linalogawa mgandamizo kwa usawa kuliko yote. Tarehe 23 Januari 1960 Jacques Piccard wa Uswisi na Don Walsh wa Jeshi la Majini la Marekani walishuka kwa chombo kiitwacho Trieste hadi mahali penye kina kikubwa kuliko pote duniani, Challenger Deep kwenye Bahari ya Pasifiki, karibu mita 10,900. Walikaa ndani ya tufe la chuma lenye ukuta wa karibu sentimita 13. Kushuka kulichukua karibu saa tano, na njiani kioo cha nje cha dirisha moja kikapasuka kwa mlio uliotikisa chombo kizima.

Jinsi Trieste ilivyopanda ndiyo inayonivutia zaidi. Kwenye kina kile hewa iliyoshindiliwa haina maana yoyote. Mitungi isingeweza hata kufungua njia dhidi ya mgandamizo wa nje. Badala yake, juu ya tufe kulikuwa na boya kubwa lililojaa petroli, ambayo ni nyepesi kuliko maji na haibanwi kirahisi kama hewa. Ili chombo kizame kilibebeshwa tani kadhaa za punje za chuma ndani ya mapipa yaliyofunguka chini, na punje hizo zilishikiliwa na sumaku za umeme. Kurudi juu kulitaka kuzima umeme tu. Na kama umeme ungekatika wenyewe kwa hitilafu, punje zingemwagika na chombo kingepanda. Hitilafu ilifanywa iwe mwelekeo wa kurudi nyumbani. Vyombo vingi vya utafiti vilivyofuata vimebaki na wazo hilo la kutupa uzito, ingawa petroli imeachwa na mahali pake pamechukuliwa na povu gumu lililotengenezwa kwa vipira vidogo mno vya kioo. Mtengeneza filamu James Cameron alifika Challenger Deep peke yake mwaka 2012. Vyombo viwili vya Urusi viitwavyo Mir vilipelekwa hata ziwani, kwenye Baikal huko Siberia, kuanzia mwaka 2008, vikaenda zaidi ya mita 1,500 kwenye maji yasiyo na chumvi.

Mwili wa chombo kidogo kiitwacho Titan, uliopondeka tarehe 18 Juni 2023 na watu watano ukielekea kwenye mabaki ya meli ya Titanic kwenye kina cha mita 3,800, ulifuata njia nyingine. Sehemu yake ya kati ilikuwa bomba la nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, na miisho yake ilikuwa ya titani. Nyuzi za kaboni hufanya vizuri sana zikivutwa, na ndiyo maana hutumika kwenye mabawa ya ndege. Zikikandamizwa tena na tena, tabaka zake zinaweza kuachana ndani kwa ndani bila dalili ya kutosha kwa nje. Wataalamu walikuwa wameonya miaka mingi kabla, na chombo hakikuwa kimethibitishwa na taasisi yoyote huru ya ukaguzi. Kwenye mgandamizo ule mwili ukishindwa unafunga chini ya muda wa kupepesa jicho.

Wakibaki hai huko chini

Watu ndani ya nyambizi hawaubebi mgandamizo wa nje. Wanapumua hewa ya kawaida, mwili wa chombo ukiwakinga, kwa hiyo hawapati ule ugonjwa wa wapiga mbizi wanaopanda haraka. Nyambizi za nyuklia hutengeneza oksijeni kwa kutenganisha maji kwa umeme na huchuja kaboni dayoksaidi kwa kemikali, zikakaa chini miezi hadi chakula kiishe. Kwenye chombo kidogo hesabu huwa ya saa.

Agosti 1973 chombo kidogo cha Pisces III kilikuwa kinafanya kazi ya kufukia waya wa simu sakafuni mwa Atlantiki, kusini-magharibi ya Ireland, na ndani yake walikuwemo Waingereza wawili, Roger Chapman na Roger Mallinson. Walipokuwa wanapandishwa kwenye meli, kamba iling'oa mfuniko wa chumba cha nyuma, kisichokaliwa na mtu. Zaidi ya tani moja ya maji iliingia. Hiyo ilitosha. Chombo kilichokuwa kinaelea kilishuka mkia ukitangulia mpaka mita 480, kikajikita kwenye matope, na tufe walimokaa likabaki zima. Walilala kimya wakizungumza kwa nadra ili kubana matumizi ya oksijeni, huku meli zikiwatafuta kutoka juu na kamba ya kwanza, ya pili, zikishindwa kushika. Tarehe 1 Septemba, baada ya saa 76, walivutwa juu kwa kamba zilizofungwa na chombo kingine cha Pisces na mashine ya Jeshi la Majini la Marekani iliyoendeshwa kutoka melini. Oksijeni iliyobaki ilikuwa ya dakika 12. Hakuna mtu aliyewahi kuokolewa hai ndani ya nyambizi kutoka kina kikubwa zaidi ya hicho.